Nyuzi Mia Sita Arobaini

Rula aliingia chumbani kwangu Jumatatu saa tatu asubuhi bila hodi, akainamia meza yangu na kupima neno.

Sisemi kwa mzaha. Mhariri wetu mkuu hutembea na rula ya chuma katika mfuko wa koti, ndiyo maana ofisi nzima inamwita hivyo akishatoa mguu. Aliweka sifuri kwenye mstari wa juu wa prufu, ile nakala ya kusahihishia kabla ya kuchapwa, akateremka na safu kwa ukucha, akasoma.

"Sentimita kumi na sita na nusu. Neno moja, Bi Kadi."

"Lina maana nyingi."

"Ni neno la kawaida. Hata mtoto wa chekechea anajua kutoa oda ya soda."

"Ndiyo sababu lina maana nyingi."

Neno lenyewe lilikuwa order. Tunatunga kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili, nami nipo humo mwaka wa ishirini na mbili. Mwingereza hulitumia neno hilo kwa mpangilio wa vitu, kwa amri ya mkubwa, kwa utulivu wa barabarani, kwa agizo la bidhaa, kwa jumuiya ya watawa wenye kanuni zao, kwa cheo na kwa nishani. Spika akitaka wabunge wanyamaze hupaza hilohilo. Maana hizo hazikuzaliwa siku moja. Katika Kiingereza ile ya watawa ni miongoni mwa kongwe kabisa. Ya amri ilikuja karne kadhaa baadaye, na ya kuagiza bidhaa ni changa. Nilikuwa nimezipanga kwa umri, kila moja na namba yake. Chini yake niliweka maelezo ya asili: neno limetoka Kifaransa cha zamani, nacho kililitoa Kilatini, ambako lilikuwa na maana ya safu, na wataalamu wanaona kwamba safu ya kwanza kabisa ilikuwa ya nyuzi katika kitanda cha mfumi, yaani ule mtambo wa mbao wa kufumia nguo.

Maelezo kama hayo nilikuwa nayo elfu mbili mia tatu na kumi, kila moja kwenye kadi yake, ndiyo maana naitwa Bi Kadi. Ilikuwa kazi yangu ya miaka kumi na moja, na Rula alikuwa akiitafutia shoka tangu alipohamia kwetu mwaka uliopita kutoka kwenye vitabu vya shule.

"Hii mistari mitatu ya mwisho," akasema, akiigonga kwa pembe ya rula, "inamsaidia nani? Mwanafunzi anatafuta maana. Wewe unampeleka kwa Warumi."

"Inaonyesha maana zimefuatana vipi."

"Inakula kurasa themanini na sita za kamusi. Nimepima." Alivuta kiti akaketi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Kamati inakaa Ijumaa saa kumi. Nimependekeza asili zote ziondolewe. Lakini mimi si mtu mbaya, mama. Nitawapelekea mfano mmoja, neno hili hili. Likiwashawishi, asili zako zinabaki zote. Lisipowashawishi, zinatoka zote, na utazitoa wewe mwenyewe kwa sababu unajua zilipo."

"Sawa."

"Na wajumbe wanapenda picha. Tuletee picha ya hizo nyuzi zako, nyuzi halisi, kabla ya Alhamisi." Akasimama, akaifuta rula kwa kitambaa. "Haitakuwa tabu. Mapazia ya ukumbi wetu yamefumwa na wifi yako, si ndiyo? Mama mcheshi yule. Alinisimulia mengi."

Alijua, basi, kwamba mimi na wifi yangu hatujasemeshana kwa miaka sita. Aliniacha nimeishika prufu, akatoka bila kufunga mlango.

*

Wifi ni mjane wa kaka yangu, wa pekee niliyekuwa naye. Ugomvi wetu ninaweza kuueleza kwa ufupi. Siku ya pili baada ya mazishi ya kaka niliandika orodha ya vitu vya marehemu mama yetu vilivyokuwa bado katika nyumba yake, kwa sababu wajomba walikuwa wameanza kubeba kimoja kimoja na mtu mmoja alipaswa kuandika. Vilikuwa ishirini na saba. Niliisoma orodha mbele ya wote sebuleni. Kitu cha kumi na nne kilikuwa kitanda cha mfumi. Wifi alikuwa amekaa sakafuni, hajala siku mbili. Aliinua uso akasema, "Hata mkeka wa matanga haujakunjwa, wifi, wewe unahesabu?" Nilimjibu kwamba ninahesabu ili kisipotee kitu. Lilikuwa jibu la kweli. Tangu siku hiyo mjomba mkubwa hupita katika karakana anayofumia wifi kila mwaka kukitazama kitanda, kama mtu anayetazama mbuzi wake kwenye zizi la jirani.

Jumanne saa nne nilikwenda.

Karakana iko nyuma ya duka la ndoo na mabeseni. Ni chumba kirefu chenye dari la bati na taa mbili za mirija, moja ikipepesa. Kitanda kinachukua nusu ya chumba. Mafundi wawili wa kike walikuwa wakikunja uzi kwenye vibao karibu na mlango. Wifi mwenyewe alikuwa ukutani, akitembea huku na huku mbele ya ubao wenye vigingi, mkononi ana uzi wa buluu unaotoka kwenye koni mbili chini. Juu ya ubao huo, ndani ya fremu ya kioo, ilitundikwa karatasi. Nilijua mwandiko kabla sijausoma. Ulikuwa wangu.

"Karibuni mtazame," wifi aliwaambia mafundi bila kugeuka. "Bi Orodha amekuja. Ficheni mikasi, asije akaiandika."

Mafundi wakacheka kwa kuficha midomo.

"Hujambo, wifi," nikasema.

"Sijambo, kama sijaandikwa. Umekuja na mjomba au peke yako?"

"Nimekuja kikazi. Ninahitaji kupiga picha ya nyuzi kwenye kitanda. Ni kwa ajili ya kamusi."

"Kamusi." Alipitisha uzi kwenye kigingi cha mwisho, akarudi. Hakusimama hata mara moja. "Na hiyo kamusi inasemaje juu ya nyuzi? Soma. Nisiruhusu picha ya kitu nisichokijua."

Nilifungua faili nikasoma maelezo yangu. Nilipofika kwenye maneno "safu ya nyuzi za mshindio zilizotandwa katika kitanda cha mfumi" alisimama ghafla, uzi ukiwa umekazwa kati ya vidole.

"Za nini?"

"Za mshindio."

Alicheka. Haikuwa kebehi ya kutengeneza. Alicheka hadi akashika kigingi. Fundi mmoja, msichana mnene mwenye miwani, naye akasema, "Jamani, mshindio!" kama mtu aliyeambiwa kuwa kuku ananyonyesha.

"Mtoto wa mfumaji," wifi akasema. "Mama mkwe wangu alikufa na vidole vimekakamaa kwa nyuzi, na binti yake hajui mtande na mshindio! Njoo hapa. Vua viatu, umekanyaga uzi."

Nilivua viatu. Alinieleza kama anavyoelezwa mgeni, na ninaandika alivyoeleza kwa sababu hakukosea mahali popote. Nyuzi za urefu, zinazotangulia kuwekwa kabla ya kitambaa chochote kuwepo, ndizo mtande. Uzi unaopita upande kwa upande, kazi ikishaanza, ndio mshindio. Mshindio ukikosea unaurudisha, unapitisha tena. Hauna safu ya kulinda. Mtande ndio wenye safu: kila uzi una jirani wa kulia na jirani wa kushoto, na ukipoteza ujirani huo kabla ya kuuvisha kitandani, umepoteza kila kitu.

"Angalia hapa." Alinivuta kwa mkono wa gauni, si kwa mkono. Kati ya vigingi viwili vya mwisho nyuzi zilikuwa zinapishana, moja juu, moja chini, moja juu, moja chini, zikifanya msalaba. Uzi mwekundu ulikuwa umefungwa kuuzunguka. "Huu msalaba ndio unaokumbuka nani alikuja kwanza. Mimi nisahau, yeye hasahau. Nyuzi mia sita arobaini hizi, urefu wa mapazia ya shule nzima. Nikate huu mwekundu, nivute, zinabaki manyoya. Siku nne za kazi."

Nilitazama muda mrefu. Lazima niseme ukweli hapa: nilizaliwa katika nyumba yenye kitanda cha mfumi na sikuwahi kuuona msalaba huo. Nilipelekwa shule ya bweni nikiwa na miaka saba. Likizo nilikatazwa chumba cha kufumia, kwa sababu vidole vyangu vilikuwa na wino na mama aliogopea uzi mweupe. Kaka alifundishwa kufuma. Mimi nilifundishwa kuandika. Na kadi yangu ya neno hili niliiandika miaka kumi iliyopita kutoka kamusi moja ya zamani, iliyonakili nyingine ya zamani zaidi, na mahali fulani katika kunakiliana huko mtu aliweka mshindio penye mtande. Sikwenda kutazama. Kutoka mezani kwangu hadi hapa ni mwendo wa dakika ishirini na tano kwa miguu.

Nilitoa kalamu, nikafuta "mshindio" katika nakala yangu, nikaandika "mtande". Wifi alinitazama nikiandika.

"Sasa picha," nikasema.

"Bado." Alinyoosha kidole juu, kwenye fremu. "Soma ile. Kwa sauti, kama ulivyosoma siku ile. Hawa hawakuwepo."

"Wifi, hilo halihusiani."

"Basi na nyuzi zangu hazihusiani na kamusi yako. Mlango unaujua."

Niliisoma. Sikuona sababu ya kukataa. Yalikuwa maneno yangu. Sufuria tatu za shaba. Cherehani moja, mbovu. Kabati la vyombo. Mafundi waliacha kukunja uzi. Nilipofika cha kumi na nne, "kitanda cha mfumi, kimoja, mali ya mama," wifi aliinua mkono.

"Hapo. Ulikitazama?"

"Kilikuwa hapo."

"Sijauliza kilikuwa wapi. Nimeuliza ulikitazama?"

Sikukitazama. Nilikuwa nimeandika orodha kutoka daftari la mama, ambamo aliandika vyombo vyake kwa mkono wake, kisha nikazunguka nyumba nikiweka alama ya vema mbele ya kila kitu nilichokiona. Daftari lilisema kitanda, kitanda kilikuwepo, niliweka vema.

"Hiki si chake. Inama," wifi akasema. "Uvunguni. Gogo la nyuma."

"Una ushahidi?"

"Ndio huo ninakwambia uinamie, mwanamke! Au mpaka niuandike kwenye kadi?"

Nilipiga magoti. Kwenye gogo la nyuma, upande wa chini, palichongwa kwa patasi herufi ya kwanza ya jina la kaka, herufi ya kwanza ya jina la mkewe, na mwaka. Ulikuwa mwaka wa pili baada ya kifo cha mama. Nilipitisha kidole. Mchongo ulikuwa wa zamani, vumbi limeshakuwa gumu ndani yake. Haukuwa wa jana.

"Cha mama mkwe kililiwa na mchwa," wifi akasema juu ya kichwa changu. "Tulikichoma kuni. Hiki tumekijenga sisi wawili, miezi mitano, mimi nikiwa na mimba iliyotoka. Na kila mwaka mjomba wako anakuja kukipapasa, kwa sababu wewe mwenye shule umeandika."

"Ulipaswa kusema siku ile."

"Siku ile nilikuwa nimefiwa. Wewe je?"

Nilisimama. Niliomba fremu iteremshwe. Fundi mwenye miwani aliitoa karatasi kwenye kioo, na juu ya meza ya kukatia nilipiga mstari kwenye kitu cha kumi na nne, nikaandika pembeni: "Kosa. Kitanda hiki kilijengwa na marehemu kaka na mkewe baada ya kifo cha mama. Nimethibitisha kwa macho." Nikaweka tarehe na saini. Nikaahidi kumpelekea mjomba nakala kesho yake, na nilimpelekea.

Wifi alisoma mara mbili.

"Ndiyo pole yako hii?"

"Ndiyo masahihisho."

"Miaka sita." Aliirudisha karatasi kwenye fremu, akaitundika palepale. "Kuomba radhi hujui, wifi. Unajua kusahihisha tu. Piga picha yako uondoke. Na usipige sura yangu."

Nilipiga msalaba wa nyuzi, mara nne. Hakunisindikiza.

*

Jumatano asubuhi nilipeleka masjala maelezo mapya yenye mtande, pamoja na picha. Karani alipiga muhuri wa kupokea kwenye nakala mbili: tarehe, saa tatu na robo. Moja ilikwenda kwa Rula, moja nilibaki nayo.

Alhamisi nilifanya jambo ambalo hakuna aliyeniagiza. Nilifungua droo zote za kadi za asili, herufi kwa herufi, na kuhesabu. Nilitaka kujua ni maelezo mangapi yanayozungumzia kazi ya mikono: uhunzi, useremala, usagaji, ufumaji, ubaharia. Kisha nilitaka kujua ni mangapi kati ya hayo niliyapata kwa kutazama kazi yenyewe. Idadi ya kwanza ilikuwa mia nne na kumi na mbili. Niliandika zote mbili kwenye kadi, nikaiweka mfukoni.

Ijumaa saa kumi niliingia chumba cha mikutano. Mapazia ya wifi yalikuwa yamefungwa nusu kwa ajili ya jua. Mwenyekiti wa kamati, mkaguzi mstaafu wa shule, mwanamke mfupi mwenye sauti ndogo sana, alikuwa katikati ya wajumbe wawili. Rula alikuwa mwisho wa meza. Kando yake alikaa wifi yangu, amevaa nguo yake ya heshima, kwenye mkono wa gauni umenasa uzi wa buluu.

"Nimemwalika fundi," Rula akasema, "atusaidie kitaalamu. Bi Kadi hatakuwa na kinyongo, ni ndugu yake."

Aligawa karatasi. Niliiona yangu nikaelewa mara moja. Yalikuwa maelezo ya Jumatatu. Mshindio ulikuwa palepale.

"Mama," Rula akamwambia wifi, "tusomee mstari huo, utuambie kama ni sahihi."

Wifi alisoma polepole, kidole chini ya maneno. Aliponitazama, sikuona huruma wala furaha machoni mwake.

"Si sahihi," akasema.

"Si sahihi kidogo, au?"

"Si sahihi kabisa. Ni kama kusema nyumba inaanzia kwenye rangi."

Mjumbe mmoja akacheka. Mwenyekiti hakucheka. "Na haya ndiyo maelezo aliyokuletea Bi Kadi karakanani?"

"Ndiyo hayahaya aliyoniletea."

Kila neno lake lilikuwa kweli. Rula aliweka rula yake juu ya karatasi, sambamba na ukingo, akaanza kusema kwamba kama neno moja lililochaguliwa kwa uangalifu lina kosa la namna hii, basi kurasa themanini na sita—

"Naomba," nikasema. Nilitoa nakala yangu na kuisukuma mezani hadi kwa mwenyekiti. "Haya ndiyo yaliyo mbele ya kamati. Yalipokelewa masjala Jumatano, saa tatu na robo. Muhuri uko juu kulia."

Mwenyekiti alisoma muhuri kwanza, kisha maelezo. Alimgeukia Rula.

"Wewe uliipata hii?"

"Ilichelewa kunifikia, mwenyekiti. Nakala zilikuwa zimeshapigwa."

"Jumatano mpaka Ijumaa."

"Kuna mambo mengi ofisini."

"Mm," mwenyekiti akasema, na sauti yake ikawa ndogo zaidi. "Masjala iko upande wa pili wa ukuta huu." Akamgeukia wifi. "Mama, uliona Bi Kadi akirekebisha?"

"Niliona anaandika."

"Mbona hukusema?"

"Sikuulizwa."

Rula aliiondoa rula yake juu ya karatasi. Kwa muda wa pumzi mbili hivi nilijua kwamba nimeshinda. Mwenyekiti aliisoma tena karatasi yangu, akaitazama picha ya msalaba, akasema, "Hili ni jambo zuri. Sikulijua." Kisha akaiweka chini.

"Bi Kadi, hili ulilirekebisha kwa sababu ulikwenda kutazama."

"Ndiyo."

"Hayo mengine ni mangapi?"

"Elfu mbili mia tatu na tisa."

"Mangapi ulikwenda kutazama?"

Kadi ilikuwa mfukoni. Ningeweza kuiacha humo. Ningeweza kusema kwamba maneno mengi hayana cha kutazama, jambo ambalo ni kweli, au kwamba vitabu nilivyotumia ni vya kuaminika, jambo ambalo nilikuwa nikiliamini hadi Jumanne. Wifi alikuwa amegeuza kiti chake kunielekea. Nilitoa kadi nikasoma kama ilivyoandikwa.

"Yanayohusu kazi za mikono, mia nne na kumi na mbili. Niliyoyathibitisha kwa macho, moja. Ni hilo lililo mezani."

"Na yasiyohusu kazi za mikono?"

"Yametoka kwenye vitabu vinavyonakiliana. Sijui ni mangapi yana kosa. Sina njia ya kujua bila kuanza upya."

Mashine ya nakala ilikuwa ikilia chumba cha pili.

"Asante," mwenyekiti akasema. "Ni mara ya kwanza mtu kunijibu swali katika chumba hiki."

Waliamua kwa dakika saba. Asili zote zitoke, isipokuwa zile nitakazozithibitisha kabla ya kitabu kwenda mitamboni, na muda ulikuwa wiki tisa.

"Yaani moja," Rula akasema.

"Yaani moja kwa leo," mwenyekiti akamjibu. "Na wewe, nakala za mkutano ujao zipitie kwangu kwanza."

Kwenye ngazi wifi alikuwa mbele yangu, akishuka kwa kushika ukuta kwa sababu ya goti. Nilimfikia.

"Ungeweza kusema," nikamwambia.

"Wewe pia ungeweza kunyamaza." Hakusimama. "Nilidhani utanyamaza. Nilitaka kukuona ukinyamaza, niwasimulie mafundi."

*

Niliziondoa mwenyewe. Ilinichukua siku tatu. Elfu mbili mia tatu na tisa, kila moja kwa kalamu nyekundu kwenye prufu, mstari mmoja ulionyooka. Rula alipita mara mbili kutazama. Mara ya pili alinikuta kwenye herufi ya T, akatoka bila kupima kitu. Kadi zenyewe sikuzitupa. Nilizirudisha kwenye droo, nikatoa kumi na tisa zinazohusu ufumaji, nikazifunga kwa mpira.

Kwa utaratibu wetu, anayetoa maelezo ya picha hutumiwa ukurasa aukubali kabla haujachapwa. Nilimtumia wifi ukurasa Jumatatu. Ulirudi Jumatano. Maelezo ya asili hakuyagusa. Chini ya picha nilikuwa nimeandika: "Mtande wa nyuzi mia sita arobaini, kabla ya kuvishwa kitandani." Alikuwa amezungushia duara idadi hiyo kwa kalamu ya kuchorea kitambaa, na pembeni, kwa herufi kubwa: UONGO.

Nilikwenda mchana uleule, nikiwa na zile kadi kumi na tisa.

Mtande ulikuwa umeshavishwa kitandani. Kitambaa cha buluu kilikuwa kimefika urefu wa mkono, na nyuma yake nyuzi zilikuwa zimekazwa, zimepita kwenye fito mbili zilizoshika ule msalaba. Wifi alikuwa amekaa kwenye benchi lake. Hakuacha kukanyaga pedali za kitanda.

"Ulinitajia mwenyewe," nikasema. "Mia sita arobaini."

"Nilikutajia za kitambaa. Za pindo hukuuliza. Za pindo huwa zinaongezwa pande zote mbili, ukingo usikatike." Aligonga uzi mahali pake. "Ulitazama, wifi, tena kwa miwani. Lakini hukuhesabu. Ulichukua kwangu kama ulivyochukua kwenye vitabu vyako."

Fundi mwenye miwani alikuwa ameshainua kichwa, uso wake tayari kucheka.

"Ni ngapi?" nikauliza.

"Mimi sisemi tena. Na hizo ulizofunga mpira ni nini?"

"Kadi za ufumaji. Kumi na tisa. Nataka uzisikilize."

"Nizisikilize! Nimekosa kazi?" Alikanyaga, akapitisha uzi, akagonga. Alifanya hivyo mara tatu nne, nami nikasubiri. "Nimekuchukia miaka sita, unajua hilo?"

"Ninajua."

"Na sijaacha."

"Sijakuomba uache. Nimekuja kuuliza kama kadi ni sahihi."

Alisimamisha kitanda. Alinitazama kuanzia miguuni, akakuta nimeshavua viatu. Kwa kidole gumba alionyesha nyuma ya kitanda, kwenye fito mbili.

"Hesabu kwanza. Kwa sauti. Ukikosea, ondoka na kadi zako."

Nilipiga magoti penye msalaba, palepale nilipokuwa nimesomea mchongo wa kaka. Nilizichukua kwa pea, moja ya juu na moja ya chini, nikizitenganisha kwa ukucha. Mafundi waliwasha redio, wifi akaamuru izimwe. Kufika mia mbili sauti ilikuwa imenikauka. Hakuna aliyeniletea maji. Kufika mia tano magoti hayakuwa yangu. Nyuzi za mwisho kulia zilikuwa mbili mbili, zimebanana, kama zilivyokuwa za kwanza kushoto.

"Mia sita arobaini na nne," nikasema.

Wifi aliinama kutoka kwenye benchi, uso wake juu ya nyuzi, akinitazama kupitia kwazo.

"Rudia. Kutoka upande wa pili."

Ilikuwa haki yake. Mimi mwenyewe ningedai hivyohivyo. Niligeukia upande wa pili, nikashika uzi wa kwanza, nikaanza na moja.